Skolashipu za nje ya chuo Marekani: namna ya kuzitafuta, kuziomba, na kuhakikisha hela inakupunguzia bili kweli

Kuna binti nilimsaidia kujaza fomu, akapata skolashipu ya dola 4,000 kutoka kwa wakfu mdogo wa mji wanaoishi, tukafurahi mpaka mama yake akatokwa na machozi, halafu mwezi wa nane bili ya chuo ikaja na kiasi alichotakiwa kulipa kilikuwa kilekile cha mwanzo, hakijapungua hata senti. Chuo kiliihesabu ile 4,000 kikapunguza ruzuku yake kwa kiasi hichohicho. Hakuna sheria iliyovunjwa pale. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetuambia tuulize mapema, na mimi ndo nilikuwa mtu mzima pale mezani na sikujua. Iliniuma sana. Tangu siku ile kila familia inayonijia naanza nayo hapo, na ndo maana mwongozo huu hautaanza na orodha ya skolashipu.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema skolashipu za nje sizungumzii kusoma ng'ambo, nazungumzia hela ya masomo inayotoka kwa mtu ambaye si chuo chenyewe wala si serikali: wakfu, kampuni, klabu, kanisa, msikiti, chama cha wafanyakazi, benki ya ushirika, mwajiri wa mzazi. Na nazungumzia vyuo vya Marekani, kwa sababu sheria zote ninazoeleza hapa ni za huko.

Hatua ya 1: Jaza FAFSA kabla ya kitu kingine

Najua inachosha, ila hii ndo fomu ya serikali kuu inayofungua mlango wa ruzuku ya Pell (ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini), mikopo ya serikali, kazi za chuoni, na mara nyingi hata ruzuku za jimbo na za chuo. Hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa mwaka wa masomo unaofuata na ni bure kabisa, ukiona tovuti inakudai hela ya kujaza FAFSA ujue umepotea njia. Mwisho wake unapewa namba inayoitwa SAI, ndiyo makadirio ya uwezo wa familia kulipia chuo, na inaweza kushuka hadi hasi 1,500. Ruzuku ya Pell kwa mwaka wa 2025-26 kiwango cha juu ni dola 7,395. Ni hela ambayo hairudishwi, na skolashipu nyingi za nje utakazoandikia insha wiki mbili hazifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo usiruke fomu ya saa moja ukakimbilia mashindano ya watu elfu.

Sababu nyingine ni kwamba skolashipu kubwa zenyewe zinakutaka uwe umejaza. Gates na Dell Scholars kwa mfano ni za wanafunzi wanaostahili Pell, na uthibitisho wao unatoka kwenye FAFSA. Baadhi ya vyuo binafsi vinataka pia fomu nyingine, CSS Profile, iangalie kwenye tovuti ya chuo chako.

Hatua ya 2: Kiulize chuo kinafanya nini na hela ya nje

Hapa tukae kidogo maana ndo kwenye kiini.

Kila chuo kinatengeneza hesabu ya gharama kamili ya mwaka: ada, chumba, chakula, vitabu, usafiri, matumizi. Kwa sheria za serikali kuu, misaada yako yote ikijumlishwa haiwezi kuzidi gharama hiyo, na misaada inayotolewa kwa kuangalia uhitaji haitakiwi kuzidi uhitaji wako, yaani gharama kutoa SAI. Na ukipata skolashipu ya nje unatakiwa kukijulisha chuo, haifichwi. Kwa hiyo ikiingia hela mpya chuo kinapiga hesabu upya, na swali ni kinakata wapi.

Chukua mfano wa namba nilizotunga tu ili uone. Gharama kamili 30,000, SAI 4,000, uhitaji ni 26,000. Chuo kimekupa ruzuku 15,000, mkopo 3,500, kazi ya chuoni 2,500, jumla 21,000. Bado kuna pengo la 5,000 ambalo halijazibwa na mtu, ukiongeza na ile SAI ya 4,000 familia inatakiwa itafute 9,000. Sasa umeshinda skolashipu ya nje ya 4,000. Chuo cha kwanza kinaiacha iingie kwenye pengo, familia inabaki na 5,000 ya kutafuta, safi kabisa. Chuo cha pili kinafuta mkopo wote wa 3,500 na kupunguza 500 kwenye kazi, bili ya leo haibadiliki sana ila unamaliza chuo na deni dogo na unapata muda wa kusoma, nayo ni faida ya kweli japo haionekani mfukoni leo. Chuo cha tatu kinapunguza ruzuku yake kutoka 15,000 kuwa 11,000, wewe hujapata chochote, aliyesaidiwa ni chuo. Kile cha tatu ndo kilichompata yule binti.

Halafu angalia hiki ambacho wengi hawakitegemei: pengo likiwepo, sheria za serikali kuu hazikilazimishi chuo kukata kitu, ule ni uamuzi wake. Lakini vile vyuo vinavyojisifia kwamba vinaziba uhitaji wote havina pengo, kwa hiyo hela ya nje ikiingia lazima kitu kipungue, na hapo unachouliza ni kama wanaanza kupunguza mkopo na kazi au wanaanza na ruzuku. Vyuo vingi vya namna hiyo vinaanza na mkopo na kazi, ila usikisie. Uliza.

Andika imeili kwa ofisi ya misaada ya fedha, usipige simu tu, unataka jibu la maandishi. Unaweza kuandika hivi kwa Kiingereza chako: naomba kujua, nikipata skolashipu ya nje, ni msaada gani utapunguzwa kwanza, mkopo, kazi au ruzuku ya chuo? Je, inaweza kuziba kwanza sehemu ambayo haijafadhiliwa? Je, gharama yangu inaweza kuongezwa kwa sababu ya laptopu, malezi ya mtoto au matibabu? Hilo swali la mwisho watu hawalijui. Mwanafunzi ana haki ya kuomba gharama yake iangaliwe upya akiwa na matumizi halisi yanayothibitika, na gharama ikipanda nafasi ya kupokea hela bila kukatwa inapanda nayo.

Baadhi ya majimbo yameweka sheria kabisa. Maryland ilikuwa ya kwanza, mwaka 2017, ikazuia vyuo vyake vya umma kupunguza ruzuku zao kwa sababu ya skolashipu binafsi isipokuwa kwenye mazingira machache. California ilipitisha yake 2022 ikaanza kutumika mwaka wa masomo wa 2023-24, inawalinda wanafunzi wanaostahili Pell au wanaopata msaada wa California Dream Act, ule wa jimbo kwa wanafunzi wasio na hati za ukaazi. New Jersey, Pennsylvania na Washington nazo zina sheria zao. Kama unasoma kwenye jimbo mojawapo soma masharti, maana hazifanani, nyingine ni za vyuo vya umma pekee.

Uliza kabla hujachagua chuo. Ofa mbili zinaweza kuonekana sawa kwenye karatasi na zikawa tofauti kabisa kwa mtoto anayejua kutafuta skolashipu.

Hatua ya 3: Tafuta kuanzia karibu kwenda mbali

Watu wengi wanaanza na zile kubwa zenye majina. Mi nasema ziombe ila usianze nazo wala usiweke matumaini yote huko. Coca-Cola Scholars inatoa dola 20,000 kwa wanafunzi 150 tu nchi nzima. Gates inachukua 300 kwa mwaka. Jack Kent Cooke inaweza kufika 55,000 kwa mwaka, ni hela nyingi mno, na wanaoiomba ni wale wanafunzi bora wa kila shule. Skolashipu ya klabu ya Rotary ya mjini kwenu inaweza kuwa dola 1,000 tu, ila walioomba ni wachache wa wilaya yako na mwaka mwingine hawafiki hata kumi. Ukiziomba kumi za namna hiyo ukapata tatu umeshalipia vitabu na laptopu.

Anzia kwa kaunsela wa shule, karibu kila shule ya sekondari ina orodha ya skolashipu za eneo lake na mara nyingi imelala kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Halafu wakfu wa jamii wa mji au kaunti, hawa mara nyingi wana fomu moja inayokupeleka kwenye skolashipu nyingi kwa mpigo, hiyo fomu moja inaokoa muda vibaya sana. Kisha mwajiri wa mama na wa baba, hata kama ni kazi ya ghala au ya kusafisha hospitali, aulize ofisi ya wafanyakazi, makampuni makubwa mengi yana mfuko wa watoto wa wafanyakazi na wazazi hawajui kwa sababu hawajawahi kuuliza. Na mwanafunzi mwenyewe kama anafanya kazi mgahawani au dukani jioni aulize pia. Chama cha wafanyakazi, benki ya ushirika mliyofungua akaunti, klabu za kujitolea kama Lions na Kiwanis, nyumba ya ibada, chama cha watu wa fani anayotaka kusomea, wauguzi, wahandisi, wahasibu, wote hao. Kuna pia matawi ya Dollars for Scholars, yanaendeshwa na watu wa kujitolea mtaani, mpango ulioanzishwa 1958 Fall River, Massachusetts kwa wazo la kuchangisha dola mojamoja kwa kila mkazi, na leo uko chini ya Scholarship America.

Baada ya hapo ndo uende kwenye tovuti za kutafutia. CareerOneStop ni ya Wizara ya Kazi ya Marekani, bure na haikusumbui kwa matangazo. BigFuture ya College Board na Fastweb nazo zinatumika sana. Fungua imeili mpya kwa ajili ya skolashipu tu, kwa sababu ukijisajili kwenye tovuti za biashara utapokea ujumbe mpaka uchoke, na barua ya maana itapotea humo ndani. Zile za "bofya ushinde, hakuna insha" kwa sehemu kubwa ni bahati nasibu na njia ya kukusanya taarifa zako, usizipe muda.

Hatua ya 4: Kalenda

Usiamini kichwa chako kwenye dedilaini. Tengeneza jedwali, kwenye kompyuta au daftari la mistari, liwe na jina la skolashipu, kiasi, mwisho wa kuomba, wanachotaka, umeomba au bado, wamejibu nini, na safu moja ya "inarudiwa kila mwaka?" ambayo watu wanaisahau. Dola 2,500 kwa miaka minne ni 10,000, inaipita 5,000 ya mara moja.

Zile kubwa zinafungwa mapema mno, Gates ni katikati ya Septemba na Coca-Cola mwisho wa Septemba, yaani mtoto ndo kwanza ameingia darasa la 12 na mlango unafungwa. Kwa hiyo insha zianze likizo ya kiangazi kabla ya hapo. Za mtaani nyingi ziko kati ya Januari na Aprili. Na msiache mkishaingia chuo! Kuna skolashipu za mwaka wa pili, wa tatu, za idara, na waombaji wanapungua kwa sababu kila mtu anadhani msimu umepita.

Hatua ya 5: Insha na barua

Huhitaji insha arobaini. Andika nne nzuri: wewe ni nani na umetoka wapi, jambo gumu ulilopitia na ulilofanya, unataka kusoma nini na kwa nini, na ulichowahi kuwafanyia watu wengine. Kila swali utakalokutana nalo ni binamu wa mojawapo ya hizo, unakata hapa unaongeza pale. Ila usome swali lenyewe, ukipeleka insha yenye jina la wakfu mwingine ndani umekwisha na inatokea kila mwaka.

Watoto wetu wana tabia ya kuandika kwa jumla jumla, "mimi ni mchapakazi, napenda kusaidia jamii", na mtu anayesoma ameshasoma sentensi hiyo mara mia siku hiyo. Mwambie aandike kitu alichokifanya kwa mikono yake. Kijana mmoja aliandika jinsi anavyomtafsiria bibi yake kwa daktari, siku aliyokosa neno la Kiingereza la ugonjwa akaogopa akitafsiri vibaya bibi atapewa dawa isiyo yake, na ndo akaamua kusomea ufamasia. Hakuandika hata mara moja kwamba anajali watu na ilionekana wazi. Na jamani msiwaandikie. Mhariri wa tahajia sawa, mwandishi hapana, sauti ya mtu mzima inajulikana.

Barua za mapendekezo ziombwe wiki tatu au nne kabla, kwa mwalimu anayemjua mtoto na siyo lazima yule aliyempa maksi kubwa zaidi. Mpelekee ukurasa mmoja wenye dedilaini, anachotaka kusoma, kazi anazofanya nyumbani na nje, mambo mawili matatu aliyoyafanya kwenye darasa lake. Baadae mwandikie kumshukuru.

Kuna jambo la majina linalotusumbua sana sisi. Shuleni mtoto ana majina mawili, pasipoti ina matatu, fomu ya skolashipu kaandika la babu. Hundi ikifika chuoni na jina lisilolingana inakaa wiki nzima bila kuingizwa. Chagua mpangilio mmoja, ule ulioko kwenye rekodi za chuo na FAFSA, tumia huohuo kila mahali.

Matapeli

Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imeonya kuhusu hili miaka mingi na maneno yao hayabadiliki sana: "tunakuhakikishia utapata au tunarudisha hela", "taarifa hizi hazipatikani kwingine", "umeteuliwa" kwenye shindano ambalo hukuomba, "tupe namba ya kadi au akaunti tukushikie nafasi". Ukisikia mojawapo kata simu. Skolashipu inakupa hela, haikuombi hela, hata dola 15 za usajili. Na namba yako ya Social Security, ile ya utambulisho wa serikali, usiiandike kwenye fomu ya awali ya mtu usiyemjua, mfadhili wa kweli akiihitaji ni baada ya kushinda, na hata hapo muulize ya nini na anaitunzaje.

Kwa wasio raia

Soma masharti yenyewe usisikilize mtaa, kwa sababu wengi wanaambiwa "hizo za raia tu" wanaacha. Ni kweli nyingine ni za raia peke yao. Lakini wenye grinikadi wanaingia kwenye nyingi, Coca-Cola inapokea pia wakimbizi na waliopewa hifadhi, na TheDream.US ipo mahsusi kwa vijana wasio na hati za ukaazi. Aliye na viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, hapati misaada ya serikali kuu, kwa hiyo kwake chuo na wafadhili binafsi ndo njia, na kwa wanaoanza wakiwa bado nyumbani vituo vya EducationUSA, vya serikali ya Marekani vilivyoko nchi mbalimbali, vinatoa ushauri bila kujali utachagua chuo gani.

Hatua ya 6: Umeshinda, sasa fanya haya

Soma barua yote. Angalia GPA (wastani wa maksi) unayotakiwa kubaki nayo, idadi ya masomo kwa semista, kama hela inarudiwa na kama lazima utume ripoti ya maksi kila mwaka ili irudiwe. Ijulishe ofisi ya misaada ya fedha mara moja, usingoje hundi ifike, maana ukichelewa wanaweza kukata katikati ya mwaka wakati umeshapanga bajeti, na kurudisha hela uliyokwisha itumia ni mateso.

Wakikujibu kwamba watapunguza ruzuku, bado hujafika mwisho. Waombe wapunguze mkopo au kazi badala yake. Omba gharama iongezwe kama nilivyosema. Halafu mwandikie mfadhili mwenyewe, kwa heshima, umweleze kwamba chuo kitakata msaada kwa kiasi hichohicho na umuulize kama anaweza kuigawa kwa miaka miwili, kuisogeza mwaka ujao, au kuruhusu itumike kwenye laptopu. Wafadhili hawapendi kuona hela yao inakisaidia chuo badala ya mtoto, na wengine huandikia chuo wenyewe. Tulikuja kufanya hivyo kwa yule binti mwaka wake wa pili, mfadhili akakubali kugawa, chuo kikakubali kuanza na mkopo.

Hundi nyingi zinaenda moja kwa moja chuoni na hugawanywa nusu semista ya kwanza nusu ya pili, kwa hiyo kwenye bili ya vuli usitafute kiasi chote. Hakikisha namba yako ya uanafunzi imeandikwa. Kama dedilaini ya ada inafika kabla ya hundi peleka barua ya ushindi ofisi ya ada uombe wakusubiri, wengi wanakubali ukiwahi, ukichelewa unapigwa faini.

Kodi nayo ipo. Kwa anayesomea shahada, sehemu ya skolashipu inayolipia ada, malipo ya lazima, vitabu na vifaa vinavyotakiwa na somo haitozwi kodi. Inayolipia chumba, chakula na nauli inahesabika kama kipato. Chuo kitakutumia fomu 1098-T kila mwanzo wa mwaka inayoonyesha ada na skolashipu, ilinganishe na risiti zako za vitabu, na ufafanuzi wote uko kwenye kijitabu cha IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, namba 970 ambacho ni bure. Mwenye F-1 ajue chuo kinaweza kumkata asilimia 14 kwenye ile sehemu ya chumba na chakula, aulize mapema isije ikamshtua Septemba.

Mwandikie mfadhili barua ya shukrani, ya mkono kama unaweza, mistari sita inatosha, umwambie unasoma nini na hela imefanya nini. Matokeo ya semista ya kwanza yakitoka mwezi wa kwanza chukua transkripti mpya, wapelekee wale wanaohitaji ili wakulipe tena, kisha fungua lile jedwali uanze na dedilaini za Februari.